Ng'oa, Wubbo

Miaka ishirini na mbili nimepiga magoti
hapa Rotterdam, chini ya usawa wa bahari,
nikipanga tofali baada ya tofali kwa nyundo ya mpira,
hata kiganja kikajua chenyewe, gizani,
tofali lililochomwa likaiva na lililoungua.
Kazi yangu ilikuwa kuifunika ardhi.
Niliifunika kweli kweli.

Akaja Geertje wa ofisi ya mipango miji,
buti za manjano, chaki sikioni,
akachora mstari katikati ya mtaa wetu:
"Kuanzia hapa, Wubbo, ng'oa."

Nging'oe? Mimi? Nilichokipanga mwaka ule
binti yangu Famke alipoota jino la kwanza?
Bwana Hoekstra wa namba kumi na tisa
akatoka na kandambili, kahawa ikimmwagikia:
"Na gari langu nitaliweka wapi? Mfukoni?"
Geertje hakubishana. Aliuliza tu:
"Mvua ya Agosti, sebuleni mwako, maji yalifika wapi?"
Mzee akashusha mkono, ukakomea gotini.
Akautazama.
Akarudi ndani.

Basi nikang'oa.
Chini ya tofali, mchanga. Chini ya mchanga,
udongo mweusi unaonuka kama nguo
iliyokunjwa ikiwa mbichi na kusahaulika.
Nyungunyungu mmoja akajikunja, kakerwa na mwanga.
Nilimwomba radhi kwa sauti ndogo,
vijana wa zamu wasije wakanicheka.

Kwenye mikutano Geertje ana maneno marefu
na ramani zenye rangi kama peremende.
Lakini shimoni, matope yamefika kwenye vifundo, alisema:
"Maji ni mgeni, Wubbo. Mnyime kiti,
atakuja kukulalia kitandani."
Tukayachimbia kiti: uwanja uliobonyea, wenye ngazi,
siku kavu watoto wapigie mpira humo,
siku ya mvua mpira uelee.

Na barabara hakuipima kwa futi kamba.
Aliipima kwa Bi Annechien na kigari chake cha kujikongojea,
akimfuata polepole kutoka mlangoni hadi duka la mikate,
akihesabu.
Hatua arobaini na moja, bibi akashika ukuta.
"Hapo," akaniambia, "benchi."
Na juu ya benchi, mti. Si wa pambo:
wa kivuli, saa nane mchana, mwezi wa Julai.

Septemba ilipofungua mifereji yake
sikulala. Nilivaa koti juu ya nguo za kulalia,
nikatoka na tochi.
Maji yalikuwa yanashuka ngazi moja moja,
kama mtu anayejua anakokwenda.
Hoekstra alikuwa keshafika, amesimama na mwavuli,
gari lake mitaa miwili mbali.
Hakusema neno, nami sikumsaidia kusema.
Mkono wake, mkavu,
ulikuwa mfukoni.

Tofali moja nimelificha nyumbani, dirishani.
Sijui kwa nini. Famke analiwekea vitabu.