Mhadhiri wa Mikataba

Miaka ishirini na sita Dokta Kokubelwa
anapanda Mlimani na chaki mkobani.
"Pendekezo," huandika, "kisha kukubali,
kisha kila upande utoe kitu."

Barua yake ya ajira ilisema: mwaka mmoja,
utahuishwa.
Ukahuishwa. Ukahuishwa tena,
hadi karatasi ikachoka kabla yake.

Uprofesa aliuomba mara mbili.
Ya kwanza, faili lilipotelea ghorofa ya tatu.
Ya pili lilirudi na doa la chai
na neno moja la wino mwekundu: Asubiri.

Amesubiri. Aliowafundisha sasa ni majaji,
wengine mawakili wa benki,
na mmoja, Mwakalebela, aliyekuwa akisinzia safu ya nyuma,
ndiye mwenye nyumba wake kule Changanyikeni.

Leo kamletea mkataba wa pango, kurasa kumi na moja.
"Mwalimu, tafadhali, usinisahihishe."

Akavaa miwani. Kifungu cha tisa
akakipigia mstari kwa penseli,
pembeni akaandika: nani kasema?
Chini kabisa, kwa mazoea, akatoa maksi:
sitini na nane.

Kisha akatia sahihi haraka haraka,
maana bombani maji yalikuwa yamerudi
na ndoo zote tupu.