Zamu ya Mchana, Oldonyo Sambu

Saa saba na nusu. Kipimajoto ndani ya kibanda cheupe
kinasema thelathini na nne, naandika thelathini na nne
kwa kalamu inayokwama; vumbi limeshaonja hata wino.

Sisi ni watu wa kisogo cha Meru.
Mvua humalizia salamu zake Tengeru.

Tangu asubuhi ardhi inakopa kwa jua bila kuandikiana.
Kila jiwe limeshika joto kama kaa chini ya jivu,
na hewa ya chini, nyepesi, haitulii,
inafura kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni,
inapanda, inapoa, inakuwa wingu.
Mvuke ukigeuka tone huachia joto uliloficha njiani,
na wingu likila joto hilo hupanda tena.

Naishorua, muuza maziwa, amesimama getini:
"Mbona mvua ile inaning'inia kama pindo la shuka,
haifiki chini?"
Nikamwonyesha mtungi wangu kivulini,
unavyotoka jasho ili maji ya ndani yapoe.
Tone likikauka hewani haliondoki bure,
linakwenda na joto la hewa iliyolibeba.
Hewa iliyopoa ni nzito.
Na kizito kilicho juu kina deni moja tu.

Saa nane na dakika kumi na mbili, bati la kwanza linalia.

Kilichokuwa kimo sasa ni mwendo.
Kimegonga uwanda, kimekosa pa kwenda,
kimetawanyika kama maji ya beseni sakafuni,
na mbele yake ukuta wa kijivu, mrefu kuliko minara ya simu:
majivu kweli, yale mlima uliyatema
kabla hapa hapajapewa jina.
Mbuzi wanageuza makalio. Watoto wa shule wanavuta sweta usoni.
Kidumu cha Naishorua kinabingirika hadi barabara ya Namanga.
Nimeegemeza mwili wote kwenye mlango wa kibanda,
nasoma kwa jicho moja:
upepo, mafundo thelathini na nane;
joto limeshuka nyuzi tisa.
Mvua, matone matatu kwenye mkono wangu.
Kwenye daftari, sifuri.

Naishorua amerudi, nyusi zake nyeupe,
ananidai lita tano zilizomwagika.
"Wewe ndiye unayeiandika hali ya hewa," anasema.
Sikubishana.

Upepo umekwisha kwa kujisugua
kwenye nyasi, kwenye kuta, kwenye meno yetu.
Nachukua ufagio.
Nafagia mpaka viganja vinapata moto.