Adimu

Daktari wa Bombo alisema: aina hii ni adimu.
Neno hilo nalijua. Nimelipangia foleni
mwaka wa themanini na tatu, duka la kaya, Ngamiani:
sukari adimu, sabuni adimu, khanga kwa kibali.
Vile tulivitafuta sisi.
Hiki kimetutafuta, kikaingia bila kibali.

Kongosho. Miaka sitini na tisa sijawahi kulitaja.
Ningeambiwa ni samaki wa Sahare
ningeuliza bei.

Mwanakheri ana miaka arobaini, ana watoto, ana mkopo wa benki.
Nabisha hodi chumba kile kile
nilichokuwa nikiingia usiku kusikiliza kama anapumua.
“Baba, usinikalie kitanga. Nipe redio.”
Nampa redio.
Nakaa.

Baada ya dawa nammenyea chungwa la Muheza,
ganda moja refu, kama alivyotaka akiwa darasa la pili:
lisipokatika, kesho hakuna shule.
Leo limekatika.
Ameliona. Nimemwona akiliona.

Anakula vipande viwili.
Vilivyobaki navila mimi, upesi, nimesimama mlangoni,
mama yake apokee sahani tupu.