Mluzi

Usizime ghafla, Daktari!
Iache ingurume dakika mbili bila kazi,
tabo ipoe. Wewe mwenyewe hung'oi jino
ukamwambia mtu ainuke atoke mbio.

Haya, zima.
Hilo sanduku ulilolikumbatia kama mtoto mchanga
liweke pale juu ya matairi. Najua kilichomo.
Chipu. Nozeli kubwa. Bomba la moshi la inchi tatu
linalong'aa kuliko sufuria ya harusi.
Nani kakuuzia? Usinitajie.
Bei nimeshaisoma usoni pako.

Unataka kumpita shemeji yako Wekulo
kwenye mlima wa Mai Mahiu, Desemba, mkirudi kutoka Bungoma,
watoto wako wakimpungia kupitia kioo cha nyuma.
Sikucheki. Watu wamefungua injini
kwa sababu ndogo zaidi.

Lakini sikia. Mji huu umekaa juu kuliko tunavyokumbuka,
na hewa yake ni uji wa mwisho wa mwezi:
umejaa kikombeni, unga haumo.
Gari linavuta, linavuta, halishibi.
Ndiyo maana likapewa huyu konokono wa chuma.
Moshi unaotoka humzungusha mkia,
naye kwa kichwa huisukuma hewa iingie.
Anayefukuzwa ndiye anayemfungulia mgeni mlango.

Sasa wewe waniambia niongeze dizeli.
Kumlisha mtu anayekosa pumzi!
Utapata moshi, Daktari, mweusi,
mama wa mandazi pale Kirinyaga Road afunike karai akikulaani,
na moshi huo ni pesa yako isiyoungua.
Halafu joto. Mia saba. Mia saba hamsini.
Otuoma! Mwonyeshe ile pistoni.
Si hiyo. Ile yenye tundu, tunayowekea kalamu.
Mwenyewe alikuwa na haraka ya kufika Nanyuki.

Washa tena. Kanyaga, polepole.
Tena.
Unasikia?
Si huo mluzi. Mluzi ni wake, mluzi ni afya.
Chini ya mluzi: fsss,
kama mtu anayefungua soda kisirisiri msibani.

Leta tochi.

Tazama kiganja changu kilivyorudi na mafuta.
Mpira wa intakula una ufa, mfupi kama kope.
Miaka mingapi umekuwa ukiipulizia barabara ya Thika
hewa ya injini yako?
Laki mbili sandukuni, na nguvu zenyewe
zinatorokea hapa, kwenye mpira
ambao Otuoma ataununua akienda chai.

Usiinamishe kichwa. Hata mimi.
Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na Surf ya kukopa,
nikaizungusha skrubu ya pampu nusu mzunguko.
Ikaitika. Nikaongeza nusu.
Kwa kilomita arobaini nilikuwa na mabawa, wallahi,
malori yalikuwa mawe ya kando ya barabara,
mluzi ulinipanda mpaka kwenye meno.
Halafu, baada ya Karatina, kimya.
Kimya chenye harufu ya sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Nililipa deni la injini ile miaka mitatu
na sikuwahi kufika Nanyuki.
Basi sasa unajua kalamu zangu zinalala wapi.

Tutafunga mpira mpya. Chujio la hewa, maana hili
lina nusu ya vumbi la Kajiado.
Geji ya joto la moshi, hapo mbele ya macho yako,
iwe inakusema kama mke.
Bomba lako tulifunge, halina dhambi.
Nozeli na chipu rudisha; akikataa
mwambie Wavinya anakuja mwenyewe.

Kesho saa kumi na moja alfajiri, kabla ya msongamano,
tunalijaribu mlimani. Naendesha mimi.
Wewe utasoma geji kwa sauti.

Na huyo Wekulo,
alisema ana injini gani?