Mkebe wa Saba

Alfajiri, kabla maji ya mfereji hayajakatika,
natoka na ndara, leso kiunoni, miwani puani,
kukagua mikebe kumi na minne ya rangi
iliyopangwa ukutani nyuma ya nyumba, hapa Komarock.
Kumi na miwili ina waridi. Mmoja una kitunguu saumu.
Wa mwisho una pareto, mche niliopewa Molo
na mtu ambaye jina lake nimelisahau, mche sijausahau.

Leo wamekuja tena.
Vidukari, kijani juu ya kijani,
wamejipanga kwenye chipukizi kama foleni ya mitungi,
kila mmoja ametia mdomo wake, hana habari na mtu.
Sisimizi wanapanda, wanashuka,
wachungaji wadogo wanaokamua mifugo yao
bila kulipa kodi ya malisho.

Miaka kumi na mmoja
nilivaa ovaroli ya manjano kule Athi River,
bomba mgongoni, kitambaa puani badala ya barakoa
(barakoa zilihesabiwa, hesabu haikunifikia).
Tulinyunyiza Jumanne na Ijumaa.
Mawaridi yalitoka pale bila doa, bila tundu,
bila hata nyuki mmoja wa kuyajulia hali.
Yakapakiwa, yakapaa usiku,
nasi tukabaki na kikohozi, tukakiita mafua.
Changu bado kinaitika kwa jina hilo.

Kwa hiyo Kirimi wa duka la pembejeo aliponisukumia
chupa yenye fuvu kwenye lebo,
“Mama Nekoye, hii mara moja tu, wanalala wote,”
niliirudisha juu ya kaunta.
Lililonitisha ni lile neno la mwisho.

Dawa yangu haina lebo.
Kipande cha sabuni, ukubwa wa kidole gumba, nakikwangua.
Mwarobaini huniletea Syokau kutoka Kitui
kila aendapo mazishini, na siku hizi haukosekani.
Naloweka usiku kucha, nachuja kwa soksi ya marehemu mume wangu,
soksi iliyobaki bila mwenzake.
Nanyunyiza jioni, jua likishalegea,
upande wa chini wa jani, maana mdudu si mjinga.
Wengine nawaponda kwa vidole. Sitasema uongo:
kucha zangu zina ukijani, na nalala vizuri.

Jumamosi Otiato, mtoto wa jirani,
alimulika jani kwa simu ya babake.
“Na huyu mwekundu, tumuue?”
Kibibi. Mgongo kama ushanga, madoa meusi,
amemshika kidukari kama mtu alaye mhindi wa kuchoma.
“Mwache. Huyo ameajiriwa.”
“Nani anamlipa?”
Nikamwonyesha vidukari. “Mshahara wake huo.”
Akafikiri, mdomo wazi, jino la mbele halipo.
“Sasa ukiwamaliza, si ataacha kazi?”

Nilikuwa na chupa mkononi.
Nikaiweka chini.

Tangu siku hiyo mkebe wa saba siunyunyizii kitu.
Mwacheni Kirimi acheke.
Majani yake yamejikunja, maua yana matundu,
na Syokau alipotaka ua la kumpelekea dada yake wodini
alilichuma hilohilo.
“Lina tundu,” nikamwambia.
“Nimeliona,” akasema, akaondoka nalo.

Usiku ndege ya mizigo inapita juu ya bati,
naijua kwa mngurumo, nzito, imeshiba.
Huenda ndani yake kuna mawaridi kwenye baridi, yamenyooka,
hayajawahi kutembelewa na yeyote.
Huku chini, mkebe wa saba,
kuna anayekula na kuna anayeliwa,
na mimi mlangoni,
nakohoa polepole nisiwashtue.