Masjala ya Ngozi

Serikali ilipohamia Dodoma nami nilihama:
mafaili, sufuria, godoro, mtoto.
Ngozi ndiyo iliyochelewa. Ilibaki Tanga
ikingoja unyevu wa alfajiri, jasho la bure.
Mwezi wa saba ikanifikia hapa Nkuhungu,
magamba kwenye miundi, nyufa kwenye visigino,
na upepo unaomenya mtu kama muhogo.

Kazini nafungua mafaili ya watu wasionijua.
Nimezoea maandishi ya chini, herufi za sisimizi.
Kwa hiyo dukani kwa Ndahani, muuza dawa,
nilisimama na makopo mawili, moja kila mkono,
kama anayepima nyanya.

La kulia: elfu kumi na nane. Kifuniko cha dhahabu,
picha ya waridi lenye umande.
La kushoto: elfu nne na mia tano, jeupe kama chaki,
jina lake hata Ndahani hulitamka akisitasita.

"Aliyetajwa mwanzo," akaniambia, "ndiye mwingi."
Nikageuza makopo. Wa kwanza, kote kuwili, maji.
Nikacheka peke yangu. Elfu kumi na nane,
na mtaani kwetu bomba hutoa Jumanne na Ijumaa,
nanunua maji.

La dhahabu, baada ya maji: pombe, mafuta mepesi, rangi,
kisha neno moja lililofumba mdomo: manukato.
Manukato gani? Mangapi? Ya nini?
Faili la namna hiyo ningelirudisha kwa aliyeliandika.
Na siagi ya shea, waliyoitangaza mbele kwa herufi za harusi,
niliikuta ya kumi na tisa, nyuma ya rangi,
kama ndugu wa bwana harusi aliyekosa kiti.

La chaki: glisarini ya pili. Kisha mafuta ya mgando,
seramidi, na urea kidogo.
"Urea? Si ile ya mahindi?"
"Jina ndilo hilo, ila hii haijaenda shamba.
Hulainisha magamba. Penye ufa usipake, itakung'ata."

Glisarini nilitaka kumjua tabia.
Ni mgeni mwenye kiu. Hewa ikiwa na unyevu
huyaita maji kutoka nje, nyumba nzima ikafaidi.
Hapa, Agosti, nje hakuna wa kuitika;
hugeukia mtungi wa mwenyeji.
Ndiyo maana Tanga aliniheshimu, na hapa
alinikausha usiku kucha huku nikimshukuru.
Lazima mlango ufungwe nyuma yake:
mafuta mazito juu, ngozi ikiwa bado na maji ya kuoga.

Sechelela, jirani yangu wa dawati, mzaliwa wa Kongwa,
hana habari na haya. Yeye samli, mwaka mzima,
shingo yake inang'aa kama zabibu zilizooshwa.
Nilijaribu. Nikatoka vipele,
na paka wa mwenye nyumba akanifuata hadi getini.

Nikaenda nyumbani na la chaki. Siku tatu
nilipaka ndani ya kiwiko tu, nikaandika tarehe
kama barua iliyopokelewa. Ya kwanza: kimya.
Ya pili: kimya. Ya tatu: mwasho,
kisha nikakumbuka ni sweta.

Jioni ya nne nilitoka kuoga, maji nusu ndoo,
sijajifuta vizuri, nikapaka miundi na mikono.
Kidawa akaninusa begani, akanusa tena.
"Mama, leo hunukii kitu."
Alisema kama anayelalamika.
Akalala hapo hapo, shavu juu ya mkono wangu,
na asubuhi shavu lake, upande mmoja tu, lilikuwa laini.

Maji yatatoka Ijumaa. Nimeweka alama kwenye kalenda.