Kiinua Mgongo

Fundi Bwanaadi amechora mashua mbili
kwa mkaa, juu ya kipande cha mbao:
moja wazi kama kiganja,
ya pili ina kijumba upande wa omo,
madirisha mawili na paa.
"Chagua," asema, "kesho naanza mataruma."

Mimi nilishachagua zamani.
Miaka ishirini na tisa nyuma ya kioo cha benki,
hapa hapa Malindi, Barabara ya Lamu,
watu wakinisemesha kupitia tundu
lisilopitisha hata chungwa.
Nimehesabu noti za wenye mahoteli,
noti za wauza maembe,
noti zenye harufu ya samaki
nisiowavua mimi.
Leo nipande baharini
nikaingie tena chumbani?
Hiki ni kiinua mgongo, Bwanaadi.
Sikulipwa ili nikakiinamishe chini ya dari.

Tena nguru akishika ndoana haulizi njia.
Atazunguka omo, atapita chini ya mkuku,
atatokea tezi kama aliyesahau kitu,
nawe umfuate, fimbo juu, mguu huku mguu kule,
na hicho kijumba chako
kitakata mshipi kama mkasi wa kinyozi.
Na upepo je? Ukuta wote ule
utatusukuma hadi Mambrui bila kupenda.

"Kweli," asema Bwanaadi,
anakuna sikio lake lililobabuka.
"Ila jua la saa saba, nje ya mwamba,
halijui nani mstaafu."
Kisha anarudi kunoa patasi,
kwani yeye atalipwa vyovyote.

Ndipo akaja Swafia,
na vidonge vyangu vya presha nilivyosahau mezani.
Akautazama mchoro wa kwanza,
akautazama wa pili,
akainama, leso ikagusa mkaa.
"Choo kiko wapi?"

Bwanaadi akakohoa.
Nikacheka. Nikasema, choo cha nini,
mvuvi wa Jumamosi, na bahari yote ile?

"Bahari yote yako.
Na mimi je?"

Sikujibu. Patasi nayo ikanyamaza.
Miaka thelathini na minne
amenifungia chupa ya chai alfajiri,
nimemrudishia changu na tewa,
akaparua magamba karoni hadi adhuhuri,
na siku zote nilimhesabu kuwa yuko bandarini,
kama nanga, kama kituo cha mafuta.
Hakuwahi kuomba.
Au aliomba, nami nikawa nyuma ya kioo.

Nilikuwa nimeshanunua vitu.
Kiti kimoja cha kuzunguka.
Sanduku moja la barafu.
Jaketi moja la kuokolea, rangi ya machungwa.

Bwanaadi akapindua ndoo ya rangi,
akamkalisha Swafia juu yake katikati ya randa,
akampima kwa futi kamba, toka ndoo hadi utosini.
"Ongeza vidole vinne," Swafia akasema.
"Na fimbo yangu itakaa wapi?
Upande wa kulia mtaniachia wazi,
mimi natupa kwa mkono wa kulia."

Anatupa! Tangu lini?
"Tangu baba," akasema. "Ngomeni. Kabla yako."

Sijui paa lile litakuwa refu kiasi gani.
Waliendelea kubishana, wao wawili,
ubao ukajaa mistari,
mashua mbili zikaingiliana
hata sikuijua yangu ni ipi.
Mimi nikakumbuka ni Ijumaa,
na duka la vifaa hufungwa mapema,
nikatoka bila kuaga, vumbi la mbao viatuni.

"Jaketi jingine kama lile," nikamwambia kijana.
"La mke wangu."
Akaziegemea rafu. "Saizi gani?"

Nami niliyejua hesabu ya kila mtu mji huu,
hadi senti,
nikasimama pale mbele yake,
mdomo wazi.